Rafu ya kuelea inayobeba vitabu bila kuinama: jibu kwa msomaji wa Moshi

Swali: Habari za kazi, fundi. Naishi Soweto hapa Moshi, nyumba ya tofali za saruji za inchi 5, imepigwa lipu na rangi. Mwaka jana niliwekewa sebuleni rafu ya kuelea, ile isiyoonekana mabano. Ilikuwa kisanduku chembamba cha plaiwudi, urefu mita 1.2, kina sentimita 25, na ndani kulikuwa na mbao ya inchi moja kwa moja iliyofungwa ukutani kwa skrubu tatu za inchi mbili. Tukapanga vitabu vya watoto. Wiki chache tu ikaanza kuinama mbele, halafu ikang'oka na kipande cha lipu. Fundi anasema ataifunga upya kwa skrubu sita. Mimi nataka rafu tatu zinazobeba vitabu kweli. Je, nimkubalie? Na nitumie mbao gani?

Jibu:

Dada, pole kwa ukuta. Usimkubalie kwa skrubu sita za aina ileile, maana tatizo halikuwa idadi. Chukua tepu uhesabu nami. Skrubu ya inchi mbili ina sentimita 5. Mbao ya ndani ilikula sentimita 2.5. Lipu kwa kawaida ina sentimita 1.5 hadi 2, na penye ukuta uliopinda inaweza kufika 3. Ukitoa 2.5 na 2 kwenye 5, kilichoingia kwenye tofali ni nusu sentimita. Skrubu zako zote tatu zilikuwa zimeshika karibu lipu tupu. Lipu ni vazi la ukuta, haikutengenezwa kubeba mzigo, na ndiyo maana rafu ilipoanguka ilikwenda nayo. Skrubu sita za urefu huo zingeng'oa kipande kikubwa zaidi.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili linawaponyoka hata mafundi wazuri, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu.

Rafu ya kuelea hufanya kazi kama mtaimbo. Mzigo unakaa mbele, ukingo wa chini wa ile mbao ya ukutani unakuwa egemeo, na skrubu ndiyo inayong'olewa. Rafu yenye mabano nayo huvuta ukuta, lakini bano lina miguu mirefu ya kwenda chini, sentimita 20 au zaidi, kwa hiyo mvuto unapungua sana. Ya kuelea haina mguu. Kilichopo kati ya egemeo na skrubu ni sehemu ya unene wake tu.

Tuweke namba. Mita moja ya vitabu vya kawaida vilivyosimamishwa huwa na kilo 20 hadi 30, kwa hiyo rafu yako ya mita 1.2 ikijaa inaweza kubeba kilo 34 hivi. Ongeza kilo 6 za rafu yenyewe, unapata 40. Uzito huo tuuchukulie umekaa katikati ya kina, yaani sentimita 12.5 kutoka ukutani. 40 mara 12.5 ni 500. Mbao ya ndani ilikuwa na kimo cha sentimita 2.5 na skrubu zilipita katikati yake, sentimita 1.25 juu ya egemeo. 500 gawanya kwa 1.25 ni 400. Skrubu tatu ziligawana mvuto wa kilo 400, kila moja kilo 133, zikiwa zimeshika nusu sentimita ya tofali. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inatosha kuonyesha kuwa hakukuwa na bahati mbaya yoyote.

Sasa tubadilishe vitu vitatu. Kina kipungue kutoka 25 hadi 22. Kitabu cha ukubwa wa A4 kina upana wa sentimita 21, kwa hiyo kikisimama mgongo ukitazama mbele kinaenea. Mbao ya ukutani iwe na kimo cha sentimita 4.5, na skrubu zipite sehemu yake ya juu, sentimita 3.2 kutoka ukingo wa chini. Skrubu ziwe sita, ndefu, zishike tofali. 40 mara 11 ni 440, gawanya kwa 3.2 ni 138 hivi, gawanya kwa skrubu sita ni kilo 23 kila moja. Kutoka 133 hadi 23. Fisha (kile kifuko cha plastiki cha ukutani kinachotanuka skrubu ikikazwa) ya milimita 10 iliyokaa vizuri ndani ya tofali gumu inaumudu mvuto huo.

Mtu akikwambia anataka rafu ya kuelea nyembamba ya sentimita 3 yenye kina cha 30, ya kuwekea vitabu, mwambie aweke picha na ua dogo. Vitabu hapana.

Mbao

Kwa rafu hii unahitaji mbao za aina mbili: za ndani, ambazo hazionekani, na za mbele, ambazo ndizo uso.

Za ndani tumia paina au saipras. Hapa kwetu hazina shida, mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai yapo jirani, na upande wa Arusha lipo la Meru. Saipras napendelea zaidi kwa uti, yaani ile mbao ya ukutani, kwa sababu inatulia ikikauka, ila chagua kipande kisicho na vifundo vikubwa. Kifundo kikikaa penye skrubu, mbao hupasuka hapo. Mgrevilia wa mashamba ya kahawa nao unafaa ukikauka sawasawa. Mkaratusi usiutie kwenye rafu. Ni mgumu, unavutia kwa bei, lakini hujipinda na kupasuka kadiri unavyokauka, na uti uliojipinda utaivuta rafu nzima.

Usichukue mbao za dawa, zile za kijani kijani za kupaulia. Vumbi lake ukipiga msasa ni hatari kwa mapafu, na kwenye rafu ya jikoni zisikaribie chakula kabisa.

Za mbele chagua kwa macho na mfuko wako: mninga, mkongo, mtiki. Kwa kuwa ni ubao mwembamba wa mbele na wa pembeni tu, rafu tatu zinahitaji kama mita 5 za upana mdogo, kwa hiyo hata mninga hauumizi. Omba risiti.

Kuhusu ukavu niwe mkali kidogo. Mbao nyingi zinazouzwa zikiwa zimesimamishwa nje ni mbichi, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Rafu iliyotengenezwa kwa mbao mbichi mwezi wa nne itafunguka viungo Januari na Februari jua la Moshi likikaza. Nunua mapema, panga kivulini penye upepo, weka vijiti vya unene sawa kati ya ubao na ubao, na uziache miezi miwili hadi mitatu. Namna ya kujua zimekauka ni rahisi: chukua kipande kimoja, kipime kwenye mzani wa jikoni, andika, rudia kila baada ya siku nne. Kikiacha kupungua, mbao ziko tayari. Kama huwezi kusubiri, mwombe seremala mabaki ya mbao yaliyokaa karakana mwaka mzima. Uti na mikono, yaani vipande vinavyotoka kwenye uti kwenda mbele, ni vipande vifupi, vinapatikana.

Vipimo vya kukata

Muundo wenyewe una sehemu mbili. Kuna kiunzi kinachofungwa ukutani: uti mmoja wenye mikono mitano inayotoka mbele. Halafu kuna ganda, yaani sanduku lililo wazi nyuma, ambalo huvishwa juu ya kiunzi kama foronya. Kwa rafu moja ya urefu wa 120 na kina cha 22:

– uti 1: mbao ya inchi mbili kwa mbili iliyopigwa randa hadi sentimita 4.5 kwa 4.5, urefu 115.5
– mikono 5: mbao hiyohiyo, kila mmoja sentimita 13.5 (ongeza 1.5 kama utachonga ulimi)
– plaiwudi ya milimita 9: vipande 2 vya 116 kwa 20
– ubao wa mbele 1: unene 2, kimo 6.4, urefu 120
– mbao za pembeni 2: unene 2, kimo 6.4, urefu 20
– vibanzi vya kona 2: sentimita 1.5 kwa 1.5, urefu 116

Kwa rafu tatu, vipande viwili vya mbili kwa mbili vya futi 12 vinatosha: kimoja kinatoa nyuti zote tatu, cha pili mikono kumi na mitano. Plaiwudi nusu inatosha pia, lakini kwa shida. Nusu hiyo ina sentimita 122 kwa 122, na vipande sita vya sentimita 20 vinakula 120, kwa hiyo zimebaki sentimita 2 tu za njia tano za msumeno. Ikatwe kwa mashine ya meza. Msumeno wa mkono utakula zaidi na kipande cha mwisho kitapungua. Nyuzi za plaiwudi ziende kwa urefu wa rafu.

Angalia kimo: 4.5 ya uti, jumlisha 0.9 juu na 0.9 chini, ni 6.3. Mbao za mbele na pembeni zina 6.4. Ile milimita moja ndiyo nafasi ya ganda kupita. Ukiliacha legelege kwa milimita tatu, rafu itainama mbele hata kama ukuta haujatikisika, na watu wataulaumu ukuta. Kwa hiyo piga randa uti kwanza, uupime, ndipo ukate mbao za mbele kufuata uti uliopo mkononi, usikate kwa namba za kwenye karatasi.

Kuunganisha mikono kwenye uti kuna njia mbili. Fundi mwenye patasi na mkono mtulivu achonge ulimi wa sentimita 1.5 kwenye kila mkono na tundu kwenye uti, atie gundi ya mbao. Asiyeweza apitishe skrubu ya milimita 90 kutoka nyuma ya uti, na gundi. Skrubu inayoingia kwenye ncha ya mbao, kufuata nyuzi, hushika vibaya, lakini hapa inatosha, kwa sababu kitakachobeba mzigo mwishoni ni ganda: plaiwudi ya juu inavutwa, ya chini inasukumwa, na mikono iko kati yao kuzuia zisibonyee. Mikono miwili ya mwisho iwe sambamba na ncha za uti, mitatu ya kati igawane nafasi, kila sentimita 28 hivi toka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Kabla gundi haijakauka laza kiunzi juu ya meza iliyonyooka na ukague mikono yote inagusa meza. Mkono mmoja ukiinuka, ganda halitaingia.

Ganda lenyewe: gundi na misumari midogo kwenye ubao wa mbele na wa pembeni, kibanzi kimoja kwenye kona ya ndani ya juu na kimoja ya chini, nyuma ya ubao wa mbele. Vibanzi hivyo ndivyo vinavyozuia ubao wa mbele usibanduke mtoto akiuning'inia. Bana kwa klampu usiku mzima. Kisha msasa namba 120, halafu 180, halafu 240, ndipo sanding sila (ya kuziba vitundu vya mbao) na vanishi mara mbili au tatu. Paka na upande wa chini. Ubao uliopakwa juu tu hunyonya unyevu upande mmoja na kujikunja.

Ukuta

Hapa ndipo muda wako utumike. Kabla ya kuchora mstari wowote, tazama soketi na swichi ziko wapi. Katika nyumba zetu nyaya hushuka ndani ya ukuta kutoka darini moja kwa moja hadi kwenye swichi au soketi, kwa hiyo acha sentimita 15 kila upande wa mstari huo, juu na chini, na usitoboe hapo. Zima swichi kuu wakati wa kutoboa. Ukuta unaopakana na bafu unaweza kuwa na bomba. Ukiweza chagua ukuta mwingine.

Halafu chunguza tofali. Tofali zetu zina kimo cha inchi 9, na ukiongeza saruji ya kiungio unapata mstari wa kiungio kila sentimita 25 hivi kwenda juu. Skrubu za uti ziko zote kwenye mstari mmoja wa kulala. Maana yake, ukikosea kimo kidogo tu, skrubu zote sita zinaingia kwenye kiungio kimoja, ambacho mara nyingi ni dhaifu kuliko tofali. Toboa tundu la majaribio kwa biti ya milimita 5, kina sentimita 8, mahali uti utakapofunika. Sikiliza mkono: lipu hutoa vumbi laini, tofali hutoa chenga, na kiungio kibaya huachia ghafla kama umetoboa mchanga. Ukikutana na kiungio, pandisha au shusha rafu nzima kwa sentimita 5. Hakuna atakayegundua kwa macho.

Kama biti inazama ghafla na kukuta uwazi, tofali ni la matundu. Fisha ya kawaida haifai humo. Tumia gundi ya epoksi ya kusindilia kwa bunduki pamoja na soksi yake ya wavu na kipande cha chuma chenye ridi (mizunguko kama ya skrubu), au achana na rafu ya kuelea kwenye ukuta huo. Ukuta wa jipsamu bodi, au nyumba ya udongo na fito, usiutundikie kabisa rafu ya vitabu ya aina hii. Tengeneza kabati la kusimama sakafuni.

Tundu lililobomoka la rafu ya zamani liachwe lipone kwanza. Bomoa lipu yote inayolia tupu ukiigonga, lowesha, ziba kwa saruji moja na mchanga laini minne, iwe na unyevu siku saba. Na hata likipona, skrubu mpya zikae sentimita 10 au zaidi mbali na hapo.

Kufunga

Chora mstari kwa pima maji. Kama huna ndefu, mpira mwembamba wa kuonyesha maji ndani hautadanganya, na ni wa bei ya chini kuliko kifaa chochote. Kati ya rafu na rafu acha sentimita 35 za wazi ili A4 iliyosimama, yenye 29.7, itoke bila kukwaruza.

Kwenye uti toboa matundu sita ya milimita 6.5, yote sentimita 3.2 kutoka ukingo wa chini. Gawa hivi: mawili kwenye nafasi ya mwisho kushoto, moja moja kwenye nafasi mbili za kati, mawili kwenye nafasi ya mwisho kulia. Upande wa mbele wa kila tundu panua kwa biti ya milimita 16 kwa kina cha sentimita 1.5 ili kichwa cha skrubu na washa yake (pete bapa ya chuma) vizame. Sasa hesabu urefu wa skrubu: mbao iliyobaki 3, lipu 2, fisha 5. Jumla 10. Kwa hiyo skrubu za milimita 100, unene milimita 6, na fisha za 10. Kama tundu la majaribio lilionyesha lipu ya 3, nunua skrubu ya 110, usiifupishe fisha.

Shikilia uti kwenye mstari, tia alama za ukutani kwa kupitia matundu yenyewe, uondoe. Toboa kwanza kwa biti ya 6 bila kugonga, yaani drili izunguke tu, upite lipu, kisha biti ya 10. Tofali likiwa gumu washa kugonga baada ya lipu. Likiwa laini au la kuchoma, endelea bila kugonga, maana kugonga hupasua tundu likawa pana kama faneli. Kina ni sentimita 8. Zungushia biti utepe wa karatasi kama alama. Ukuta wako una inchi 5 pamoja na lipu pande mbili, kwa hiyo ukienda kwa pupa utatokea chumbani.

Safisha vumbi. Pampu ya baiskeli inafaa sana, puliza mara tatu au nne hadi tundu liache kutoa moshi. Vumbi likibaki, fisha inaserereka juu yake kama miguu kwenye kokoto, na hiyo ni sababu kubwa ya fisha mpya kuzunguka na skrubu yake. Halafu ipige fisha iingie, na kwa msumari mkubwa isukume ipite lipu yote mpaka ikae ndani ya tofali. Watu wengi huiacha iishie usawa wa rangi. Hapo nusu yake inatanua lipu, lipu inapasuka, na kazi yote inarudi ulipoanzia.

Tundu likitokea pana, usijaze vijiti vya kiberiti wala kigingi cha mbao. Mbao hukauka na kulegea. Tumia fisha ya 12 na skrubu ya 8, au jaza saruji moja na mchanga mbili kwenye tundu lililoloweshwa, subiri siku saba, utoboe upya.

Funga skrubu kwa zamu, si moja mpaka mwisho halafu nyingine. Ukuta wa lipu hauko sawa, na ukikaza kwa nguvu penye bonde uti utajikunja. Penye uwazi weka vipande vyembamba vya plaiwudi nyuma ya uti, pembeni mwa skrubu. Pima maji ikiwa juu ya mikono, pua ya mbele iwe imeinuka milimita 2 hivi kuliko ukutani. Ikijaa vitabu itarudi kwenye usawa. Kupata milimita hizo, weka kipande cha kadi nyuma ya uti kwenye ukingo wa chini.

Jaribio kabla ya ganda

Laza ubao juu ya mikono mitano na uweke madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji. Hizo ni kilo 40, mzigo ule tuliouhesabu. Yaache hadi asubuhi. Kesho yake chukua karatasi ya daftari ujaribu kuipenyeza kati ya uti na ukuta kwa juu, sehemu zile ambazo jana ulihakikisha imebana. Isipoingia, rafu imeshika. Ikiingia, skrubu ya karibu na hapo inateleza. Itoe, uitibu kama nilivyosema, ujaribu tena. Ni afadhali lipu ikuonye ukiwa na madumu kuliko vitabu vikiwa juu ya kichwa cha mtoto. Na kwa sababu tunaishi jirani na Bonde la Ufa, na matetemeko ya Julai 2007 yaliyoanzia maeneo ya Mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, yalisikika kanda hii yote, rafu za vitabu zisifungwe juu ya kitanda.

Baada ya hapo vika ganda. Likigoma, usiligonge kwa nyundo; tafuta mkono ulioinuka uupige randa. Likiingia mpaka mwisho, funga skrubu za milimita 30 kupitia plaiwudi kuingia kwenye uti: nane juu na nane chini, kila sentimita 15, sentimita 2 kutoka ukutani ambako vitabu vitazificha. Kutoka chini ongeza moja kwa kila mkono. Usitie gundi kati ya ganda na kiunzi, ili siku ukihama, au mwenye nyumba akitaka kupaka rangi, ganda livuliwe bila kuvunjwa.

Fundi wako akipendekeza njia nyingine, ya kuchomelea nondo za milimita 12 kwenye bapa la chuma na kuzichomeka ndani ya ubao mzima wa mninga wa sentimita 4, si mbaya, na inapendeza kwa macho. Ila ina masharti mawili. Bapa liwe na kimo cha sentimita 4 au zaidi, na boliti zake zikae juu ya nondo, kwa sababu hesabu ya egemeo ni ileile. Na matundu ya ubao yatobolewe kwa mashine ya kusimama. Kwa drili ya mkono, tundu la sentimita 18 likipinda digrii mbili tu, nondo za mbele zinatazama pande tofauti na ubao hauingii. Ubao wa mninga wa 120 kwa 22 kwa 4 peke yake una kilo 6 na ushee, karibu sawa na rafu yetu, kwa hiyo hesabu ya mzigo haibadiliki sana.

Panga vitabu vizito karibu na ncha mbili, penye skrubu mbili mbili, na vyepesi katikati. Baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya masika, weka pima maji juu. Ikiwa pua imeshuka kupita usawa, toa ganda ukaze skrubu za uti robo mzunguko. Skrubu ikizunguka bila kukaza, usiilazimishe: fisha yake imeshalegea, na tiba yake ni ile ya tundu pana.